Mama Marcelina Lugembe wa Mtendeni na Kipaimara Chake

Mwaka mmoja umekatika, mama, tangu tulipokusindikiza kutoka nyumbani Mtendeni, ukaenda mahali ambapo hatuwezi kukuletea hata kikombe cha uji. Mvua zimekuja na zimekwenda. Karanga zako tulizivuna. Yule kuku wako mweusi mkorofi bado analala jikoni, na hakuna anayethubutu kumfukuza kwa kuwa wewe hukumfukuza.

Tunakuandikia hapa gazetini, watu wakisikia, kwa sababu jambo lako lilianza watu wakisikia. Ungekuwepo ungesema, "Punguzeni ukali, wanangu." Tutajitahidi, mama. Hatuahidi.

Ulizaliwa Lusu, kwa wakulima wa mtama, ukaolewa Tabora na baba yetu Silasi, fundi wa reli. Baba mkwe wako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa njia ile ya misafara mpaka pwani, na aliporudi hakuwa na cha kuonyesha ila kovu begani na dini aliyoikuta njiani kwa wamisionari wa Kiingereza. Ndiyo maana sisi ni Waanglikana katika mji ambao jirani wa kulia ni Mwislamu na wa kushoto Mkatoliki. Mjomba Masele, kaka yako wa Sikonge, Mmoravian, alikuwa hachoki kututania: "Ninyi kanisa zima mnaenea kwenye behewa moja, na bado mnagombea viti!"

Hakusema uongo. Viti vya mbele vilikuwa na mito, na vilikuwa vya Wazungu wa reli na wa bomani, hata Jumapili ambazo hawakuja. Sisi tulikaa nyuma kwenye mabenchi, tukiitazama mito mitupu ikisali.

Wewe hukuitazama. Ulikuwa na kazi. Ulifua vitambaa vya altare, ukavipiga pasi ya mkaa bila kuviunguza hata kimoja. Ukisikia fulani ni mgonjwa, ulifika na ufagio kabla hujafika na pole, ukafagia uani kwake ndipo ukaketi. Hukujua kupika chakula cha watu wa nyumba moja. Sufuria yako ilikuwa daima na mtu wa ziada ndani yake. Na wasichana waliojiandaa kupokea kipaimara walikuwa wako. Uliwafundisha Imani na Amri, ukawashonea shela nyeupe za marekani, ukawaonyesha namna ya kupiga magoti bila kukanyaga gauni. Baada ya somo walikula mkekani kwako.

Nao waliwekewa mikono na Askofu, mmoja baada ya mwingine, mwaka hadi mwaka. Wewe hukuwekewa. Asiye na kipaimara haendi kwenye Meza ya Bwana. Kwa hiyo kila Jumapili, wenzako walipoinuka kwenda mbele, wewe ulibaki benchini na watoto wadogo, ukiimba sauti ya pili kana kwamba hakuna kilichokupita.

Wageni walidhani u mkatekumeni mpya. Sisi tulijua.

Ilikuwa mwaka ule vijana walipochukuliwa kwenda kupigana na Wajapani, vita vya Bama. Ulizaa mapacha, Kulwa na Doto, na uzazi ule nusura ukuchukue. Ukiwa umelala hujitambui, mama mkwe wako, Bibi Ng'washi, alifanya yale ambayo kila bibi wa Kinyamwezi huwafanyia mapacha: akachanganya maji na unga wa mtama, akawanyunyizia watoto na mlango, na majirani wakazunguka nyumba wakiimba zile nyimbo za mapacha ambazo mtu mzima mwenye heshima zake huzisikia huku amefunika mdomo. Kanisa lilikuwa limeyakataza hayo. Bibi hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa bibi.

Askofu alikuwa karibu kuja na treni. Shela yako ilikuwa tayari. Jumapili moja kabla yake padri wa wakati ule alikuita usimame mbele ya kanisa zima.

"Marcelina, ni kweli watoto wako walifanyiwa mambo ya shetani?"

"Walifanyiwa mambo ya bibi yao, Padri."

Mabenchi ya nyuma yakacheka. Padri hakucheka.

"Basi utasema hapa, wote wasikie, kwamba bibi huyo alimtumikia shetani, na kwamba unamkana."

Bibi Ng'washi alikuwa ameketi pale pale, Kulwa mapajani. Alikuja kuona mkwewe anavyotayarishwa kubarikiwa. Alivaa kaniki yake mpya. Akainamisha kichwa.

Ukasema, "Padri, siwezi. Nilitokwa na damu mpaka nikapotea. Huyu ndiye aliyewaweka hawa kifuani mwake wasife kwa baridi. Nikisema ni wa shetani, nitakuwa nimesema uongo kanisani."

"Basi toka kwenye mstari."

Ukatoka. Ukaenda kuketi kando ya Bibi, ukampakata Doto.

Padri yule amekwisha rudi kwao, na jina lake hatulitaji, kwa maana hakuwa peke yake. Nyuma yake ilisimama kanuni, na nyuma ya kanuni walisimama watu waliozoea kutuamulia ni nani katika bibi zetu aliye mtu na ni nani aliye shetani. Hao bado wapo. Tunawaona kila siku, na si kanisani tu.

Njiani kurudi nyumbani Bibi alikushika mkono. "Mwanangu, si useme tu? Mimi mzee, neno halinivunji."

"Linanivunja mimi, mayu," ulimjibu, ukimwita mama kwa Kinyamwezi.

Miaka ikapita hivyo. Kila Askofu alipokuja ulishona shela za wengine, ukapika pilau ya sherehe, ukaagiza asali kwa Mjomba Masele. Naye aliileta kwa baiskeli, na pamoja na asali alileta maneno.

"Dada, hamia kwetu. Kwetu mchungaji mwenyewe anakuwekea mikono, hatungoji treni."

"Nikihama watasema mwenye kosa amekimbia."

"Waseme! Wewe utakuwa unakula Meza ya Bwana."

"Na ile mito nani ataikung'uta vumbi?" ukamwuliza, mkacheka wote wawili mpaka asali ikamwagika.

Lakini usiku mmoja baba alikusikia ukilia, na alipokuuliza ulimwambia, "Usidhani siitaki, Silasi. Naitamani mpaka naota harufu ya divai ambayo sijaionja." Baba alikaa na neno hilo peke yake. Alituambia baadaye sana.

Kisha tumbo lako likaanza kuvimba. Daktari alikupima, akamwita baba nje, na baba aliporudi ndani alijifanya anatafuta kofia yake. Wewe ulielewa. Ukasema, "Imo kichwani mwako."

Tulikuwa na padri mwingine sasa, Padri Nikolaus, Mwafrika mwenzetu, mtu wa Ugogo, mpole. Siku moja alikuja mbio mpaka kanzu imeshika michongoma. Askofu alikuwa anakuja Jumapili, na amekubali jambo! Jumamosi jioni atafika nyumbani, akuwekee mikono kitandani pako. Hutaulizwa habari ya mapacha. Hutamkana mtu.

Baba alipiga magoti sakafuni. Sisi sote tulikuwa tumeanza kushukuru.

"Kimya kimya?" ukauliza.

"Kimya kimya, mama. Kanuni haijabadilika, unaelewa. Watu wasije wakauliza maswali."

Ulimtazama Padri kwa huruma, kama vile mgonjwa ni yeye. "Padri, mimi nilitolewa mchana, watu wamejaa. Sasa nirudishwe gizani kama mbuzi wa wizi?"

"Mama Kulwa, unaumwa!" baba alisema.

"Naumwa tumbo, Silasi. Magoti hayajaumwa."

"Na ukifa kabla?"

"Nitakuwa nimekufa."

Padri alijaribu tena, kwa upole, akasema Mungu anaona gizani sawasawa na mchana. Ukamjibu kwamba kwa Mungu huna wasiwasi. Wasiwasi wako ni kwa hawa wengine. "Yule bibi mzee aliinamishwa kichwa mbele ya kanisa zima. Nikipokea kwa siri, siku zote watasema Marcelina alisamehewa. Alisamehewa nini?"

Baba alikasirika. Hakusema nawe mpaka Jumapili asubuhi, na hata sisi, mama, tulikulaumu moyoni. Tuliogopa ungeondoka bila kile ulichokingoja nusu ya maisha yako, na kwamba ungekuwa umekikataa kwa mdomo wako mwenyewe. Hilo nalo tuliseme hapa.

Jumapili ukavaa. Ukamwegemea Doto mpaka kanisani, ukaketi mwisho wa benchi la wasichana, mahali pako pa kila mwaka pa kuwanyooshea shela. Askofu alikuwa kwenye kiti chake. Padri Nikolaus akaita wa kwanza.

"Bernadeta Masolwa."

Bernadeta hakuinuka. Padri akaita tena. Watu wakageuka. Mzungu mmoja wa mbele alitazama saa yake.

"Bernadeta, una nini?"

Msichana akasimama. "Naomba radhi, Padri. Mama hajaenda."

"Mama yupi?"

"Mama yetu huyu aliyetufundisha. Sisi hatuwezi kunawa kabla yake."

Asiyekuwa mtu wa huku huenda hakuelewa, basi tumweleze. Mtoto aliyelelewa hanawi mikono kuusogelea ugali kabla mkubwa wake hajanawa. Akifanya hivyo, anayeaibika ni aliyemlea. Hakuna aliyewapangia wasichana wale neno. Walikuwa wamelijua mkekani kwako, kila baada ya somo, wakikungoja unawe.

Padri akaita wa pili. Naye akabaki ameketi. Akaita wa tatu. Akabaki ameketi.

Ukainama, ukawanong'oneza kwa ukali, "Nendeni, wanangu. Mtaniaibisha."

"Tukienda ndipo tutakuaibisha, mama," Bernadeta akasema, tena kwa sauti, masikini, kwa kuwa hofu ilimnyima hata kunong'ona.

Watu husema mgomo wa kwanza waliouona mjini hapa ulikuwa wa reli. Hawakuwepo kanisani siku ile. Na hata hivyo haukuwa mgomo. Kanuni ilikuwa imejiandaa siku nyingi kupambana na ubishi. Haikuwa imejiandaa kupambana na adabu.

Askofu alimwita Padri Nikolaus. Wakasemezana kwa Kiingereza, Padri akieleza kwa mikono yote miwili. Kisha Askofu, mzee wa mvi, akauliza kwa Kiswahili ili wote tusikie:

"Mama huyu alitolewa wapi?"

"Hapa, Baba Askofu. Mbele ya watu."

Akalitazama benchi la wasichana mpaka mwisho wake. Hatujui alikuwa anafikiri nini, na hatumpi sifa asizozidai. Lakini alisema, "Basi aje hapa."

Ukaenda. Alikuuliza lile swali moja linaloulizwa kila mtu, la ahadi za ubatizo, na hakuongeza jingine. "Ndiyo" yako haikuwa kubwa, ila mabenchi ya nyuma yaliipata. Ulipiga magoti mwenyewe. Kuinuka ndiko kulikomhitaji Doto. Na ulipogeuka, wasichana walikuwa wameshasimama wote bila kuitwa, wamejipanga, shela zao zimenyooka.

Tuliporudi nyumbani Bibi Ng'washi alikuwa kizingitini. Tangu siku ile ya kaniki mpya hakukanyaga kanisani; na zaidi ya hapo, hata njia ya mbele ya kanisa aliiacha. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya nyumba za watu, jua kali, mzigo kichwani, miaka yote hiyo. Tulidhani ni mazoea ya kizee.

"Wamekuwekea?"

"Wameniwekea, mayu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akasita. "Na mimi wamenisemaje?"

Ukakaa chini karibu naye, shela bado kichwani, umechoka hata pumzi inakatika. "Hakuna aliyekusema, mayu. Mtu hata mmoja."

Bibi akafuta uso kwa ncha ya nguo, akatazama pembeni kidogo kama mtu anayehesabu mvua.

Ulikula Meza ya Bwana Jumapili chache, mama. Ulituambia divai ni chachu kuliko ulivyoota, na kwamba hata hivyo ni nzuri. Kisha ukaondoka, mchana, nyumba imejaa watu, sufuria iko motoni.

Na siku tuliyokubeba, Bibi Ng'washi alikataa kupanda gari alilokodi mjomba. Alitembea nyuma yako kwa miguu yake, akapita mbele ya mlango wa kanisa, katikati ya barabara, kichwa juu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Silasi Lugembe. Mama mkwe wako Ng'washi. Watoto wako Justus, Kulwa, Doto na Shija. Kaka yako Masele na jamaa wote wa Sikonge. Ndugu wa Lusu. Bernadeta na wasichana wote uliowashonea shela.

Siku zote tutakutaja, mama, na tutakutaja kwa sauti.