Leva ya Mkwe Wangu

Jumamosi, 6 Julai 2024

Kornel amekuja asubuhi na bisibisi. Wakwe wengine huja na sukari! Anataka bunduki ya marehemu baba yangu, ile ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Eti tuiboreshe kabla ya msimu wa kuwinda. Tuiboreshe! Baba aliangusha nayo nyati bila ushauri wa mtu. Lakini huyu anauza spea za pikipiki pale mtaani Milanzi, na tangu aanze kutazama video za Wamarekani kwenye simu, hakuna kitu kilichokamilika machoni pake. Mkono wa chuma anauita leva.

Nilitaka kukataa. Mke wangu Stefania akanikanyaga mguu chini ya meza. Mume wa binti yetu Lucia hakataliwi.

Sawa. Kibali cha bunduki ni changu, leseni ya nyati ni yangu, mpigaji ni mimi. Yeye aboreshe.

Jumanne, 16 Julai

Kwa Fundi Wiliam, mwenye leseni ya kutengeneza silaha. Kornel anatoa amri kama daktari wa upasuaji. Kitako cha zamani kimetolewa, kimewekwa kipya cha mninga — kinang'aa kama jeneza la tajiri. Mbele, kishanga chekundu cha kulengea. "Ili uone vizuri, Baba." Ina maana sioni? Pete ya leva imepanuliwa mpaka ngumi nzima inapita, hata yenye glovu. Glovu! Huku juu Ufipa baridi ipo, sikatai. Lakini nyati wako bonde la Rukwa, ambako mtu hutamani kuvua hata ngozi.

Fundi akauliza mpigaji ni nani. Kornel akanionyesha kwa heshima, mikono miwili. Fundi akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akaongeza raba nyuma ya kitako, eti bunduki isinipige teke begani.

Mshenzi.

Jumamosi, 20 Julai

Majaribio, machimbo ya zamani ya kokoto nyuma ya Kasense. Polisi wana taarifa. Kornel amechora nyati kwenye boksi — anafanana na mbuzi mwenye mimba. Risasi ya kwanza nilipiga mlima. Ya pili, mlima. Na bega langu je! Kornel akachezea kishanga na bisibisi yake. "Ni shabaha imekaa vibaya, Baba, siyo wewe." Kisha nikapata sikio. Kisha bega la nyati, palepale panapotakiwa! Nikamwambia umeona, mtu ndiye anayepiga, siyo leva. Akasema kweli kabisa, Baba.

Jioni Lucia ametusimulia kwamba mumewe hufanya mazoezi nyumbani na ufagio. Anaukoki. Analilenga kabati. Nimecheka mpaka bega likanikumbusha.

Alhamisi, 1 Agosti

Tumeshuka, tumepita Ilemba, tumefika kambini. Joto. Kornel kavaa kofia ya kauboi na glovu amezileta kweli! Maganga, askari wa wanyamapori tuliyepangiwa, amenivuta pembeni: huyu ni mtalii? Nikamwambia ni mkwe wangu. Akanipa pole.

Tumekula ugali kwa samaki, migebuka. Nimemsimulia Maganga habari za ufagio. Kornel alicheka pamoja nasi. Hana hata haya.

Ijumaa, 2 Agosti

Nyati amekufa. Sina la kuandika.

Jumamosi, 3 Agosti

Ninalo. Na nisipoliandika hapa, nitaliandika wapi?

Tulimkuta dume peke yake kwenye majani marefu. Maganga akaninong'oneza: subiri ageuke ubavu. Nilisubiri. Kishanga kilionekana vizuri kabisa. Nikapiga. Akatikisika, akainua kichwa, akanitazama. Mimi! Watu tulikuwa watatu.

Maganga akasema koki. Najua alisema, nilimsikia. Kazi yangu ilikuwa kusukuma ule mkono chini, kuurudisha, kupiga tena. Badala yake nikatupa bunduki ya baba yangu chini, nikakimbia. Na sikukimbia kwa akili. Nilikata mbele ya Maganga, nikamzibia njia ya risasi, nikaingia kwenye kichaka cha miiba kwa kichwa, kama kuku.

Sikuona kilichofuata. Nilisikia tu — kra-kra, pa! Kra-kra, pa! Kwa utulivu, kama mtu anayefagia.

Nilipotoka, nyati alikuwa amelala karibu na kofia ya kauboi. Kornel alikuwa amesimama na bunduki ya baba yangu, mikono bila glovu, alizisahau kambini. Akaja kunitoa miiba shingoni. Hakucheka. Afadhali angecheka! Akasema, "Pole, Baba. Umempiga vizuri ile ya kwanza."

Maganga alikaa juu ya jiwe. Halafu akasema kwamba kibali na leseni vina jina moja tu. Kwa hiyo aliyepiga risasi zote ni mimi, Mwalimu Nestory. Akamtazama Kornel. Kornel akaitikia. Mimi hawakuniuliza.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya misa nyumba imejaa. Nyama inachemka, Stefania anaimba. Lucia amenikumbatia mbele za watu: Baba yangu shujaa! Kumbe Kornel amewasimulia wote, njia nzima kutoka kanisani. Nilipiga, nikakoki, nikapiga, sikurudi nyuma hata hatua. Yeye, anasema, alikuwa amejificha kwenye miiba. Wamemcheka sana. Hata Lucia amemcheka! Mikwaruzo ya shingoni mwangu hakuna anayeiona, nimefunga skafu.

Je, anaficha aibu yangu, au anaiweka akiba? Nimemchunguza usoni wakati wote wa chai. Sioni kitu. Anawapa watu vikombe tu.

Sasa jirani yangu Maximilian, ambaye hajawahi kuniamini katika lolote, amesema anataka kusikia kutoka kwangu mwenyewe. Tangu pale nyati alipogeuka. Nikasema ngoja nilete miwani.

Miwani ninayo usoni. Niko chumbani, naandika.

Kornel amebisha hodi. Amechungulia, ameona kalamu, ametazama pembeni. "Baba, wanakusubiri." Kisha kwa sauti ya chini, kwa adabu ileile: "Nianze mimi, au utaanza wewe?"

Bado amesimama mlangoni. Sebuleni wamezima redio.