Foronya Usiifue

Baba Watoto,

Mama niliyekuja kumuuguza ameshaanza kutembea mwenyewe, mpaka jikoni. Umeniuliza doa la poda na krimu hutolewaje kwenye foronya. Swali zuri, kwa fundi wa kuchomelea vyuma anayenawa uso kwa sabuni ya kufulia!

Huyo aliyelalia mto wangu hakunawa poda kabla ya kupaka krimu ya usiku, halafu akajilaza kabla haijakauka. Mwambie, asije akaharibikiwa ngozi. Wala usimsingizie dada yako. Dada yako alipaka poda mara moja tu, siku ya harusi yetu, tena kwa kulazimishwa.

Nilisema nitarudi mwezi ujao. Nakuja Jumamosi. Foronya usiifue, nataka nimjue kwa sura.

Mkeo mpaka leo,
Mama Watoto