Maneno Mawili ya Heche

Nyarero, Tarime
2 Machi 1975

Binti yangu Gati,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako anakohoa kidogo. Wewe na wanafunzi wako hapo Mugumu hamjambo?

Nina swali la Kiingereza. Nimenakili herufi kwa herufi: "call off". Maana yake nini, na hutumika kwa jambo la namna gani? Mwalimu wa hapa simwulizi. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa nyumba zimebanana, siri haikai.

Baba yako, Tomaso

Mugumu
11 Machi 1975

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Mama anywe asali.

Maana yake ni kuvunja jambo lililokwisha kupangwa: mkutano, safari, harusi. Si kuahirisha. Lililoahirishwa linangoja siku yake. Hili halina siku tena.

Nilipoandika harusi, kalamu ilisimama. Baba, anayetuandikia Kiingereza ni mchumba wangu Heche peke yake, tangu apate ukarani Kisumu. Niambie.

Mwanao, Gati

Nyarero
22 Machi 1975

Marahaba mwanangu,

Asali tumepata, kikohozi kipo.

Ni Heche. Ameoa huko. Baba yake anakuja kuchukua ng'ombe wa mahari yako mwezi wa nne, na zizi unalijua. Wote thelathini walikwenda kuwa mahari ya Esta, mke wa kaka yako. Ndiyo desturi yetu, dada huleta, kaka huoa. Wakirudishwa, Esta naye anarudi kwao, na ana mimba ya miezi saba. Kaka yako Mwikwabe hali chakula. Anakaa mlangoni kwa mkewe kutwa.

Nimezunguka kwa ndugu wote, nimeshindwa. Mzee Waitara, yule mwenye wake watatu uliyemkataa, bado anakuulizia. Sikuambii ufanye lolote. Naogopa, Gati.

Baba yako

Nyarero
14 Aprili 1975

Gati, hujambo? Sijaona jibu. Wanakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na sita.

Baba

Mugumu
21 Aprili 1975

Shikamoo baba,

Barua hii nampa dereva wa lori la pamba ili iwahi. Mama anaendeleaje?

Leo nimewafundisha darasa la saba yale maneno. Msichana mmoja akauliza, je, bibi harusi naye anaweza kuyatumia? Nikamwambia anaweza. Kisha nikafuta ubao.

Mwambie mzee Waitara alete ng'ombe kabla ya Jumamosi. Mwikwabe asijue kwamba nimelia.

Esta akizaa mtoto wa kike, nawaomba msimpe jina langu.

Mwanao, Gati