Tuliomba Matuta

Jumatatu, 3 Machi

Mashati meupe ya mwalimu nimeyafua mara ya pili leo. Mara ya pili! Nimeyaanika asubuhi, kufika mchana yamekuwa rangi ya chai. Tangu wafunge daraja la barabara kuu, magari yote yanapita mtaani kwetu. Simu zao zinawaambia hapa ndipo njia ya mkato. Simu haijui kwamba hapa kuna dobi. Haijui kwamba kuna Mama.

Mama ndiye anayenikosesha usingizi. Mashati nitayafua tena. Lakini Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na asubuhi na jioni lazima avuke kwenda kumwosha Bi Ng'ambo. Ni rafiki yake tangu usichana, amepooza upande mmoja, hata kusema hawezi. Akitaka kitu anagonga kikombe kwa kijiko. Mama huvuka kwa masikio: anasimama ukingoni, anatega, pakiwa kimya anakwenda. Siku hizi hapana kimya hata cha kupiga chafya.

Nimemwambia nitakuwa namvusha mimi. Kasema alivuka hapa kabla sijajua kutambaa. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nusura! Nilikuwa na pasi mkononi, nikasikia breki. Mama katikati ya barabara, beseni kule, dereva katoa kichwa dirishani anamtukana. Anamtukana mama yangu! Nikakimbia na pasi yangu ya mkaa. Dereva alipoiona ile pasi, aliondoka bila kuaga. Mke wangu anacheka mpaka sasa. Mimi sicheki. Nimeunguza kola ya mtu.

Mama yeye kaokota beseni, kauliza kama limepata ufa. Limepata. Kaenda nalo hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda manispaa na mwenyekiti wa mtaa. Dirishani kuna binti anapuliza kucha zikauke. Nikamwambia tunaomba matuta, haraka, kabla hatujazika mtu. Mangapi? Mawili. Makubwa? Ya kawaida tu, dada. Kaandika, kasema tutaletewa mtaalamu. Tulipotoka mwenyekiti akanipa mkono mara mbili. Na mimi nikampa!

Jumanne, 11 Machi

Mtaalamu hajaonekana. Malori nayo yameanza kupita. Moja limegonga benchi la kinyozi, bahati wateja walikuwa ndani.

Leo nimemwona Mama kasimama ukingoni, fimbo mkononi, shingo kainamisha. Kasimama, kasimama. Halafu akarudi ndani. Hakuvuka. Nami nikajidanganya kwamba afadhali.

Jioni mkwe wa Bi Ng'ambo karudi kutoka kazini, kaja kutuambia. Mgonjwa kakutwa amelowa, hajala, kijiko bado kiko mkononi. Kagonga weeee, nani atasikia kijiko kwenye kelele hii?

Mama analia chumbani kwake. Hata Baba alipokufa alilia kwa adabu. Hiki si kilio cha adabu. Mke wangu kaniangalia kama vile mimi ndiye mwenye magari. Sijui nifanye nini. Kweli kabisa sijui.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaalamu kaja! Pikipiki, buti za mpira, na nyuma kafunga mzigo wa — marando ya viazi vitamu. Kauliza shamba liko wapi. Mwenyekiti: shamba gani? Kwani si ninyi mlioomba matuta?

Bwana shamba!

Yule binti wa kucha kapeleka ombi letu kilimo. Kinyozi kacheka mpaka kakaa chini. Nami nilikaa chini, lakini si kwa kicheko. Siku zote hizi tunangoja mtu wa barabara, tunaletewa mbegu.

Bwana shamba kaona aibu, kaulizia palepale kwa simu. Matuta ya barabarani? Mpaka fungu la fedha la mwaka ujao. Mwaka ujao! Nikamuuliza, Mama atangoja ukingoni mpaka mwaka ujao?

Mama katoka na fimbo yake. Kapapasa majani. Kasema mbegu nzuri hii, mwanangu, na hayo matuta wamekukubalia? Ndiyo, bibi, mawili yameidhinishwa. Basi lima, Mama kasema. Wapi, bibi?

Kanyoosha fimbo barabarani.

Jumamosi, 15 Machi

Tumelima! Barabara ni ya udongo, jembe linaingia vizuri tu. Tuta moja upande wa juu wa nyumba yetu, jingine upande wa chini, kutoka mtaro hadi mtaro. Bwana shamba alikuja na kamba, mazoea hayaachi, tuta lazima linyooke. Katufundisha hata kuchomeka marando. Mke wangu kamwagilia kwa maji ya kufulia.

Gari la kwanza lilikuja mbio, likafunga breki, dereva akashuka. Hii nini? Shamba, kinyozi kamjibu, na angalia usikanyage mboga. Kapita taratibu, taratibu, kashika usukani kwa mikono miwili.

Mama kasimama ukingoni. Katega. Kavuka. Nikasikia kijiko kule ndani kinagonga haraka haraka, si kwa shida, kwa furaha. Nimelia mbele ya wateja, na waseme wanavyotaka.

Jumatano, 19 Machi

Marando yameshika. Mashati meupe yamebaki meupe. Mama kavuka asubuhi na jioni. Naogopa kuandika kwamba nina raha.

Alhamisi, 20 Machi

Sikukosea kuogopa. Leo kaja mtu wa barabara — sasa wanaijua njia! Kapiga picha. Kasema kizuizi haramu. Nikamwambia yameidhinishwa. Na nani? Hakungoja jibu. Kasema kesho linakuja katapila. Kumpigia mwenyekiti, hapatikani. Bwana shamba kapatikana, lakini kasema kaka, niache, nitapoteza kazi.

Mama nimemwambia. Kauliza saa ngapi, basi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nimekaa juu ya tuta. Herufi zinakwenda upande.

Katapila lilipofika, Mama alikuwa kashakaa hapa, anapalilia. Dereva kijana, kashuka, shikamoo bibi. Marahaba, mwanangu. Bibi, naomba upishe. Nikimaliza mstari huu. Kijana kanitazama mimi, mimi nikatazama mtaro. Alisema ana amri, bosi anakuja, yeye hana ubaya na mtu. Nyuma yake magari yalijaa mpaka kwa kinyozi, yakapiga honi mpaka yakachoka. Kijana akapanda akazima injini, akashuka tena. Wa nyuma nao wakazima.

Pakawa kimya. Kimya kile cha zamani kabisa. Mama kainua kichwa, kaniuliza: hawa wote wamesimama kwa ajili yangu?

Ndipo tukasikia kijiko.

Ananiita, kasema. Kaninyooshea mkono nimwinue. Nikamwambia Mama, ukiinuka tuta limekwisha. Kasema: na mwenzangu je?

Nikamwinua. Kabla kijana hajafika kwenye mlango wa katapila nikakaa mimi palepale, pangali na joto lake. Mama kavuka peke yake mbele ya magari yote yale.

Sasa bosi kafika. Hataki kusikia viazi. Kampigia kelele kijana awashe, huyu ataondoka mwenyewe. Mke wangu kaja kukaa kando yangu, kashika ndoo ya maji ya kufulia, sijui anataka kumwagilia au kumwagia mtu.

Injini imewaka. Na wa nyuma nao, wote.

Lile pale geti la ng'ambo linafunguka. Mama na beseni lake. Kasimama ukingoni, kainamisha shingo, anatega. Kwa kelele hii hatavuka, namjua. Lakini kasahau fimbo hapa, iko mapajani mwangu, na mguu wake wa kwanza naona ameshauweka barabarani. Naacha kalamu.