Redio Inayonong'ona

Jumatatu, 3 Juni 1957
Baridi. Nimepukuchua mahindi mpaka jioni, kisha nikafungua redio tusikilize habari. Sauti chini tena. Wazee wa hapa Uyole walishajaa sebuleni. Kiswahili chao ni cha kuulizia chumvi dukani tu, kwa hiyo mimi huwafasiria habari kwa Kinyakyusa. Leo nusu nimefasiri, nusu nimebuni. Hakuna aliyelalamika. Aibu tupu. Nimemuuliza mke wangu, Mama Atupele, kama naye anaona betri imechoka. Akaniangalia kidogo, akasema imechoka sana.

Jumatano, 12 Juni
Betri nimeiweka kando ya meko ipate nguvu, kama tufanyavyo betri za tochi. Nikaisahau. Nta iliyofunika betri imeyeyuka yote, imemwagikia majivu. Mama Atupele amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu niache ukarani, saa ya habari ndiyo saa pekee ninayohitajiwa na watu. Redio ikifa, nitabaki mzee wa kufukuza kuku tu.

Alhamisi, 20 Juni
Binti yetu Atupele, muuguzi kule Iringa, ametuma betri mpya kwa basi. Mtoto ana moyo huyu! Nimeichomeka hata chai sijanywa.
Sauti ile ile. Kama mtu anaongea ndani ya blanketi.
Nimesugua pini za plagi kwa msasa. Nimekaza nyaya. Nimefuta masizi. Wapi! Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Paka akatoka mbio, sijui ameona nini. Jirani yangu Mzee Ambakisye kajivutia blanketi mpaka masikioni. Baridi ya mwaka huu si mchezo.

Jumamosi, 29 Juni
Nimekwenda Mbeya mjini kwa fundi wa redio, yule wa kibarazani karibu na soko. Nikamweleza: nguvu ya betri haifiki, waya umekatika mahali. Akapima. Mshale wa kipimo chake ukapanda vizuri. Akafungua redio. Nikainama. Mnong'ono.
Nilipoinua kichwa nikamwona mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Anatikisa mabega kufuata muziki. Ng'ambo ya barabara! Na wenzake wawili wanamcheka. Fundi akanitazama kwa huruma, akapunguza sauti. Kwangu ikanyamaza kabisa.
Redio ni nzima. Betri nzima. Mbovu ni mimi.
Nimerudi nayo begani. Njiani nimelia.

Jumatatu, 1 Julai
Nina hasira na Mama Atupele. Alijua tangu masika. Wazee nao wanajua! Wamekuwa wakija kunisikiliza nikitunga uongo, wanatikisa vichwa kwa adabu.
Imebidi aseme mara mbili ndipo nikamsikia: "Baba Atupele, ulikuwa na matumaini na ile betri. Ningekunyang'anyaje?"
Chakula sikugusa. Jioni wazee wamekuja, nimejifungia chumbani. Nilidhani wataondoka. Wamekaa na redio iliyozimwa mpaka giza likaingia.

Jumapili, 7 Julai
Kutoka kanisani Mama Atupele hakuniuliza kitu. Jioni amefungua redio mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Akanivuta mkono mpaka kwenye benchi, akakaa ubavuni mwangu, mdomo sikioni. Kila msomaji aliposema sentensi, yeye aliirudia. Kiswahili chake kinachechemea, lakini kilifika. Nami nikawapa wazee kwa Kinyakyusa.
Angeweza kuwafasiria mwenyewe. Kinyakyusa anakijua kunishinda. Hakufanya hivyo. Kila neno alinipa mimi kwanza.
Nampenda mwanamke huyu.
Habari zilikwisha, redio ikazimwa, wazee wakaanza kutafuta fimbo zao. Yeye hakuondoa mdomo. Akaniambia neno moja zaidi. Mzee Ambakisye akauliza, hilo nalo ni habari gani?
Hilo sikulifasiri.