Watoto wa Farasi Wangu Wamekufa, na Mgeni Anakuja Kuwaona

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili nikimweleza mtu uso kwa uso atacheka, na kuchekwa kwa sasa siwezi.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi peke yangu, binti yangu wa pekee yuko mji mwingine na kazi zake, na mpangaji wangu alipohama aliniachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi na farasi wa baharini wawili, dume na jike, wale samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi na mkia wa kujisokota, akaniambia, "Mama, hawa watakuliwaza," na kweli wameniliwaza, kwa sababu hawawezi kukaa na njaa, lazima uwape uduvi mara kwa mara, kwa hiyo hata nikienda dukani najua kuna anayenisubiri nyumbani.

Basi dume akaanza kuvimba, nikadhani amevimbiwa, mimi niliyezalisha nusu ya mtaa huu, kumbe kwa hawa anayebeba mimba ni baba, na asubuhi moja nikamkuta ameng'ang'ania jani la plastiki kwa mkia, anajikunja, anasukuma, na kila akisukuma vinatoka vitoto kama vipande vya uzi, vimesimama wima vile vile kama baba yao, nami nikajisikia nasema kwa sauti, "Sukuma baba, sukuma, umefika."

Nikampigia binti yangu kwa furaha, akasema, "Mama, niko kwenye mkutano, nitakupigia," na hakupiga. Nikajaribu namba ya mkunga mwenzangu wa zamani, nikakosea, akapokea mwanamume nisiyemjua.

"Hapa siyo, mama, lakini kuna nini, mbona unahema?"

"Mwanamume amejifungua!" nikamwambia.

"Ngoja nikae chini kwanza," akasema, "halafu unianzie mwanzo."

Ni fundi wa mafriji, mjane kama mimi, na tangu siku hiyo hunipigia kila jioni akitoka kazini, anauliza, "Wajukuu wetu wameshindaje?" nami namweleza. Lakini mshauri, watoto wale walikufa, wachache wachache mpaka wakaisha wote, nikawatoa kwa chujio la chai na kuwazika kwenye chungu cha maua, na jioni ile alipouliza nikasikia mdomo wangu unasema, "Wanakua vizuri." Niliogopa kwamba wakiisha wao, na simu zitaisha. Sasa huwa nawakuza kwa maneno, nimeshasema mmoja ni mtundu, mwingine hapendi taa, na juzi amesema Jumamosi anakuja kuwaona. Nimezunguka maduka ya samaki kutafuta wadogo wa kuweka mle ndani, sijapata. Nifanyeje, mwanangu?

Mama wa Farasi

JIBU

Shikamoo, mama. Pole sana kwa watoto wale, na sikutanii. Kuwapokea kwa mikono yako na kuwazika peke yako, hiyo ni huzuni kamili hata kama walikuwa wadogo kuliko kucha.

Lakini mama yangu, kuzunguka madukani hapana! Unataka kununua watoto wa wengine uwavike tabia za marehemu? Na mwezi ujao akitaka kuwaona wamekuwa wakubwa, utakwenda duka gani? Umewaambia wanawake wangapi ukweli mgumu kitandani, ukawashika mkono? Leo unashindwa kumwambia fundi wa mafriji.

Halafu hebu fikiri. Siku ile alikaa chini kukusikiliza kabla hajajua kama unafuga samaki au mbuzi. Alisikia mtu anahema, akauliza kuna nini. Unamdhania vibaya.

Mpigie leo, usimngoje Jumamosi, asije kugundua amesimama mbele ya kioo. Usizunguke. Sema walikufa, sema ulidanganya, sema uliogopa kuachwa. Akikasirika, ana haki. Akikata simu itakuuma, na mimi sitakudanganya kwamba haitauma. Akisema bado anakuja, aje mchana, jirani yako awepo, maana sauti nzuri kwenye simu si kitambulisho.

Na binti yako. Bila shaka ukimpigia unamwambia, "Nipo tu, mwanangu, endelea na kazi," naye anaamini. Acha hiyo. Mwambie, "Nina upweke," kwa neno hilo hilo, halafu nyamaza mpaka ajibu.

*

Kabla hatujachapa ukurasa huu, mama huyu alituletea ujumbe, na ameturuhusu kuutoa:

"Nimempigia. Nikasema yote kwa pumzi moja. Kisha akasema, 'Sasa kazini nitawaambia nini? Kila tukipumzika wananiuliza habari zao.' Sikujua kama niombe radhi tena au nicheke. Nikamwambia awaambie ukweli, kama nilivyomwambia yeye. Akasema hajui kama ataweza. Jumamosi bado anakuja. Ameniuliza huyo baba yao anakula nini, maana aliyefiwa haendewi mikono mitupu."