Hakuna Ndege ya Moja kwa Moja Mpaka Mwanza

Perth, Australia
Jumanne

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Sijui kama umelala, sijui kama umekula. Mdogo wangu Luhende anasema unakunywa uji kidogo ukilazimishwa na sengi, dada wa baba. Kunywa, mama. Mimi mwili ni mzima, mengine unayajua.

Namtumia Luhende barua hii kwenye simu akusomee polepole, maana tukiongea tunalia wote na neno halifiki.

Jana alinipigia akiwa na furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyefiwa na baba. "Kaka, nimetafuta kwenye simu! Mwanza mpaka Perth ni kilomita elfu tisa na kidogo, ndege masaa kumi na moja na nusu. Basi la kwenda Dar linazidi hapo! Ukiondoka leo, kesho uko nyumbani Sapiwi." Nyuma yake nikamsikia sengi: "Mwambie asijitie Mzungu. Kaka yangu hazikwi na mtoto wa pili wakati wa kwanza yuko hai."

Luhende hakudanganya. Niliangalia, nikayaona masaa hayohayo. Lakini hiyo ni hesabu ya mstari ulionyooshwa kwenye ramani, kana kwamba ipo ndege inayopaa hapa na kutua Mwanza. Haipo, mama.

Nilitoka kiwandani kwetu, tunakokata nyama, nikaenda uwanja wa ndege na buti za kazi. Dada wa tiketi alinigeuzia kompyuta nijionee: nipande mpaka Uarabuni, ningoje huko, nishuke Dar, ningoje tena ndege ya Mwanza, ndipo nitafute gari la Bariadi. Nafasi ya kwanza ni Ijumaa. Nikamwambia nimefiwa na baba. Akatafuta upya, ikaja Ijumaa ileile. Nyumbani ningefika Jumapili jioni, kama hakuna kitakachochelewa.

Mama, najua mvua imenyesha. Najua hakuna jembe linaloingia shambani wakati maiti haijazikwa, na majirani wamekaa msibani wakiitazama ardhi iliyolowa. Hawatasema kitu, kwa kumheshimu baba. Lakini pamba isipopandwa sasa watavuna nini? Baba mwenyewe alikuwa akihimiza watu wazike asubuhi ili mchana warudi kulima.

Kwa hiyo mzikeni kesho. Luhende atupe udongo wa kwanza. Naomba useme wewe mwenyewe, mbele ya wazee wa ukoo, kwamba nafasi hiyo nimempa mimi, asije akasemwa maisha yake yote kuwa alimruka kaka yake. Sengi atakasirika. Mwache anitukane.

Tiketi ya Ijumaa nimeichukua. Nitakuja, ila nitakuta kaburi.

Nisalimie sengi hata kama hataki salamu zangu, mjomba anayewaangalia ng'ombe wa baba, na jirani yetu fundi baiskeli anayepika ugali wa waombolezaji.

Mkianza kushusha jeneza, Luhende anipigie, kisha aiweke simu chini karibu na kaburi. Asiseme kitu. Nataka nisikie udongo ukiingia.

Mwanao wa kwanza,
Masanja